Neno "Jomon": Safari ya Alama ya Kamba hadi Jina la Watu

Utangulizi

Katika somo letu la tafsiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alipewa aya fupi kutoka kitabu cha historia ya dunia ili aifasiri kwa Kiswahili. Aya hiyo ilihusu Japani ya kale, na ndani yake mlikuwa na neno Jomon. Mwanafunzi hakuliona katika kamusi yoyote ya Kiswahili aliyokuwa nayo. Akatafuta maana yake ya asili, akaandika "Enzi ya Kamba". Darasa zima likacheka. Mwenzake aliyeketi karibu naye alikuwa ameliacha neno lilivyo na kulitia kiambishi tu: "Wajomon waliishi kwa kuwinda, kuvua samaki na kuokota matunda ya mwituni." Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa sentensi moja: "Mwalimu, hao Wajomon walikuwa kabila gani?"

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo. Tunakusudia kueleza neno Jomon lilitoka wapi, lilitumiwaje tangu lilipoundwa, na kwa nini historia yake inatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili na kuunda istilahi zake. Msomaji asitushangae kwa kwenda mbali hivyo. Vigae vya vyungu ni vigae popote vilipo, na tutaona mbele kwamba mkono wa mfinyanzi wa Japani ya kale na mkono wa mfinyanzi wa huku kwetu kwenye Maziwa Makuu vimewahi kufanya kazi ya namna moja.

Treni ya Yokohama na jaa la makombe

Mwaka 1877 aliwasili Japani Mmarekani mmoja aitwaye Edward Sylvester Morse. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na safari yake ilikuwa ya kutafuta viumbe wa baharini wenye kaka mbili wanaofanana na chaza kwa sura ya nje. Hakwenda kuchimba mambo ya kale. Lakini mwezi Juni mwaka huo, akiwa ndani ya treni kutoka Yokohama kwenda Tokyo, alitupa macho dirishani karibu na kituo cha Omori, akaona kwenye ukingo uliokatwa kupisha reli tabaka jeupe la makombe. Njia hiyo ya reli ilikuwa imefunguliwa miaka mitano tu kabla yake, yaani mwaka 1872. Kwa kuwa aliwahi kuyaona majaa ya makombe huko kwao Marekani, Morse alitambua mara moja kwamba pale palikuwa na jaa la watu wa kale waliokula chaza na kome na kutupa kaka zake mahali pamoja kwa muda mrefu.

Punde si punde akaajiriwa kufundisha elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ambacho nacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka huohuo wa 1877. Msimu wa vuli ulipofika alikwenda Omori na wanafunzi wake, wakachimba. Walipata mifupa ya wanyama, zana za mifupa na za mawe, na vigae vingi vya vyungu. Taarifa yake ilichapishwa na chuo mwaka 1879 kwa Kiingereza. Uchimbaji ule ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa akiolojia ya kisayansi nchini Japani.

Vigae vingi miongoni mwa vile vilikuwa na alama zilizojaa mwilini, mistari midogo iliyolala kwa mshazari kama nyuzi zilizosokotwa. Morse akaviita kwa Kiingereza vyungu vyenye alama za kamba. Halikuwa jina la enzi, wala la kabila, wala la utamaduni. Ulikuwa ni wasifu tu, kama vile mmoja wetu angesema "sufuria lenye mpini" au "kikombe chenye maua". Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu yote yaliyofuata yalijengwa juu ya wasifu huo.

Neno linaundwa

Taarifa ya Morse ilipaswa kusomwa na Wajapani, basi ikafasiriwa. Mfasiri alikuwa Yatabe Ryokichi, mtaalamu wa mimea. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1879, na pale Morse alipoandika alama za kamba, Yatabe aliandika sakumon. Miaka michache baadaye, mwaka 1886, mtaalamu mwingine wa mimea, Shirai Mitsutaro, akatumia neno jomon. Hili la pili ndilo lililodumu.

Hapa walimu wa lugha tuna jambo la kutafuna. Kijapani kina neno lake la asili kwa kamba, nalo ni nawa. Mjapani akitaka kamba ya kufungia mzigo, atasema nawa. Lakini herufi ileile inayoandika nawa ina matamshi ya pili yaliyotoka Kichina karne nyingi zilizopita, nayo ni jo. Matamshi haya ya Kichina ndiyo hutumika sana wanapounda maneno ya kitaalamu. Ukichukua jo, kamba, ukaongeza mon, nakshi au alama, unapata jomon. Ukiongeza na doki, neno lenye maana ya chombo cha udongo (do ni udongo, ki ni chombo), unapata jomon doki: vyombo vya udongo vyenye nakshi za kamba.

Kiswahili nacho kina hali inayokaribiana na hii. Tuna kitenzi cha Kibantu kuandika, na kutokana nacho tukapata mwandishi. Pia tuna katibu, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana hiyohiyo ya kuandika. Kwa asili maneno haya mawili ni mamoja, lakini katika matumizi hayalingani: katibu ana ofisi na mhuri, mwandishi ana kalamu. Neno la asili limebaki mtaani na neno la mkopo limepanda ngazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa nawa na jo. Shirai angaliweza kusema kwa Kijapani cha nyumbani "vyungu vya nawa", na kila mtu angemwelewa. Alichagua umbo la kitaalamu, na umbo hilo likawa fupi, zito, na rahisi kuambatanishwa na maneno mengine. Wepesi huo wa kuambatana ndio uliolipa neno maisha marefu, na ndio pia, kama tutakavyoona, uliolipeleka mahali ambapo muundaji wake hakukusudia.

Kuna na suala la tahajia. Mon huweza kuandikwa kwa herufi mbili tofauti. Moja ina maana ya nakshi au chapa, kama zile chapa za koo zinazotiwa kwenye kanzu za Kijapani. Nyingine ni pana zaidi: hubeba maana ya nakshi, lakini pia ya maandishi, sentensi na fasihi. Herufi ya pili ndiyo iliyoenea katika vitabu vya shule na majumba ya makumbusho, ingawa wapo wanaakiolojia walioendelea kushikilia ile ya kwanza kwa hoja kwamba vyungu hivi vina nakshi, havina maandishi. Wanaodhani mijadala ya tahajia ni yetu peke yetu wajue kwamba hata Tokyo watu wamegombania herufi moja kwa zaidi ya miaka mia.

Majina yaliyoshindana

Neno jomon halikushinda siku ile lilipozaliwa. Kwa miongo kadhaa lilikuwa moja tu kati ya majina mengi. Wengine waliviita vyungu vile "vyungu vya majaa ya makombe", yaani kwa mahali vilipookotwa. Wengine waliviita "vyungu vya enzi ya mawe". Na wengine waliviita "vyungu vya Waainu", kwa jina la watu wa asili wa Hokkaido na visiwa vya kaskazini.

Jina hili la mwisho lilitokana na mabishano makubwa ya miaka ya 1880 na 1890: ni nani walioishi Japani katika enzi ya mawe? Tsuboi Shogoro, mwanzilishi wa elimu ya anthropolojia nchini humo, alishikilia kuwa walikuwa Korpokkur, watu wafupi wanaosimuliwa katika ngano za Waainu. Mtaalamu wa maumbile ya mwili, Koganei Yoshikiyo, alipinga na kusema ni mababu wa Waainu. Morse mwenyewe alifikiri ni watu waliotangulia hata Waainu. Mabishano yalipoa baada ya Tsuboi kufariki huko St. Petersburg mwaka 1913.

Tuangalie majina hayo kwa jicho la mwanaisimu. "Vyungu vya Waainu" ni jina lenye jibu ndani yake. Anayelitumia ameshaamua nani alifinyanga, kabla hajachimba. "Vyungu vyenye nakshi za kamba" halidai lolote kuhusu mfinyanzi. Linasema tu macho yanaona nini. Jina lenye madai huanguka siku madai yanapoanguka. Jina lenye wasifu huweza kuishi hata wataalamu wakibadili mawazo mara kumi. Kwa kadiri tunavyoiona historia hii, hiyo ni sababu mojawapo iliyolifanya jomon libaki huku wenzake wakisahauliwa.

Kando yake likakua jina la pili. Mwaka 1884 mtungi wa aina nyingine, mwembamba na usio na makeke, ulipatikana katika mtaa wa Yayoi jijini Tokyo. Shirai, tuliyemtaja hapo juu, alikuwa mmoja wa vijana watatu wanaohusishwa na ugunduzi huo; wengine walikuwa Tsuboi na Arisaka Shozo. Vyungu vya aina hiyo vikaitwa kwa jina la mtaa. Ndiyo sababu historia ya kale ya Japani ina enzi mbili zinazofuatana zenye majina yasiyofanana kwa namna ya kuundwa: Jomon, jina la nakshi, na Yayoi, jina la mtaa. Hakuna kamati iliyokaa ikapanga hivyo. Majina mengi ya kitaalamu huzaliwa namna hii, moja kwa bahati ya jicho na jingine kwa bahati ya mahali.

Kamba haikukandamizwa, ilibiringishwa

Kwa muda mrefu watu walitumia neno jomon bila kuelewa vizuri kamba ilifanya nini. Wengi walidhani nakshi zile zimetokana na kitambaa au mkeka uliokandamizwa juu ya udongo mbichi. Jibu alilipata mwanaakiolojia Yamanouchi Sugao mwaka 1931. Alijaribu kwa mikono yake, akaona kwamba mfinyanzi wa kale alichukua kipande kifupi cha kamba iliyosokotwa, akakilaza juu ya udongo kabla haujakauka, kisha akakibiringisha kwa kiganja. Kamba inapobiringika huacha safu za alama zinazojirudia kwa mpangilio.

Baada ya ugunduzi huo vigae vikaanza kusomeka. Kwa kutazama alama, mtaalamu aweza kusema kamba ilisokotwa kulia au kushoto, ilikuwa na nyuzi mbili au zaidi, na kama mfinyanzi alitumia kamba mbili zenye msokoto tofauti ili alama zikutane kama vinyweleo vya unyoya. Kamba zenyewe zimekwisha kuoza kitambo. Udongo ndio uliotunza kumbukumbu ya msokoto wake. Yamanouchi aliendelea, na mwaka 1937 akatoa mpangilio wa aina za vyungu vya Jomon katika vipindi vitano. Baadaye kipindi cha mwanzo kabisa kiliongezwa, vikawa sita. Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa elimu hiyo mpaka leo.

Neno linapanuka kuliko nakshi

Mpaka hapo jomon bado lilikuwa jina la vyungu. Lilipandaje kuwa jina la enzi nzima? Sababu mojawapo ni siasa ya elimu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vitabu vya historia vya serikali ya Japani vilianza na visa vya miungu na nasaba ya wafalme. Baada ya vita, kitabu kipya cha shule cha mwaka 1946 kilianza na watu wa enzi ya mawe na vitu vilivyochimbwa ardhini. Palihitajika jina la kuiita sura ile ya kwanza. Vyungu vilikuwa na jina tayari, na jina likahamishwa kutoka kwenye chungu hadi kwenye wakati. Katika miaka iliyofuata "enzi ya Jomon" ikawa msemo wa kawaida wa darasani.

Lakini jina likihama, maana huachwa nyuma. Vigae vilivyopatikana mwaka 1998 mahali paitwapo Odai Yamamoto, mkoani Aomori, vina umri wa takriban miaka 16,000, navyo ni miongoni mwa vyungu vya kale zaidi duniani. Havina nakshi ya kamba. Vyungu maarufu kuliko vyote vya enzi hii, vile vya mkoa wa Niigata vyenye ukingo unaopanda kama ndimi za moto, vimepambwa zaidi kwa vipande vya udongo vilivyobandikwa, na kwa kawaida kamba haikutumika. Kwa upande mwingine, baada ya kilimo cha mpunga kuanza kusini na enzi kuitwa Yayoi, wafinyanzi wa mashariki ya Japani waliendelea kubiringisha kamba. Huko Hokkaido, ambako mpunga haukufika wakati ule, wataalamu wanasema "Jomon iliyoendelea". Huko Okinawa jina Jomon huwekwa kando na badala yake husemwa "enzi ya majaa ya makombe", lile jina la zamani lililoshindwa Tokyo.

Kwa hiyo kuna vyungu vya enzi ya kamba visivyo na kamba, na vyungu vyenye kamba visivyo vya enzi ya kamba. Mwanafunzi wetu aliyeandika "Enzi ya Kamba" alifasiri mzizi wa neno kwa usahihi kabisa, na bado akakosea.

Upanuzi haukuishia hapo. Mwaka 1951 msanii Okamoto Taro aliviona vyungu hivi katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na mwaka 1952 akachapisha makala yenye moto akidai kwamba ndani yake mna nguvu ambayo sanaa ya Kijapani iliyozoeleka ilikuwa imeisahau. Tangu hapo Jomon ikaanza kuwa sifa: ya kwanza, ya porini, isiyofugwa. Mwerezi mkubwa wa kisiwa cha Yakushima uliojulikana kwa umma mwaka 1966 huitwa Jomon Sugi, ingawa mti haufinyangwi. Mwaka 1992, huko Aomori, ujenzi wa uwanja wa besiboli ulitanguliwa na uchimbaji katika eneo la Sannai-Maruyama. Yaliyofukuliwa ni makao makubwa ya watu yaliyokaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, yakiwa na mashimo sita ya nguzo nene za mti wa chestnuti. Mwaka 1994 uwanja ukaachwa na eneo likahifadhiwa. Mwaka 2021 eneo hilo, pamoja na mengine 16 ya Hokkaido na kaskazini ya kisiwa kikuu, likaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Jina rasmi la urithi huo lina neno Jomon.

Hatua ya mwisho ni watu. Kijapani kina kiambishi jin chenye maana ya mtu, na jomonjin ni "mtu wa Jomon". Katika mazungumzo ya kawaida Wajapani hutaniana kwa sura: huyu ana uso wa Jomon, nyusi nzito na macho makubwa, yule ana uso wa Yayoi, bapa na mwembamba. Utani huo una mzizi katika utafiti wa kweli, kwani sayansi ya chembe za urithi imeonyesha kuwa Wajapani wa leo wana nasaba ya waliotangulia na ya waliohamia baadaye kutoka bara, na kwamba Waainu na watu wa Okinawa wamebeba sehemu kubwa zaidi ya ile ya waliotangulia. Lakini walioishi Japani katika muda wa zaidi ya miaka elfu kumi, kutoka kisiwa hadi kisiwa, hawakuacha maandishi, wala hawakujiita kwa jina lililobuniwa mwaka 1886. Mtu wa Jomon ni mtu aliyepewa jina la chungu chake.

Waainu ndio waliouona uzito wa jambo hili. Katika karne ya 19 waliambiwa kuwa wao ni mabaki ya enzi ya mawe, na hoja hiyo ilitembea pamoja na sera zilizowanyang'anya ardhi na lugha. Bunge la Japani lilipitisha azimio la kuwatambua kuwa watu wa asili mwaka 2008, na sheria ikafuata mwaka 2019. Kuwaita leo "Wajomon waliobaki" ni kuwarudisha kwenye kabati la makumbusho.

Vigae vya kwetu

Tulisema tutarudi nyumbani. Mwaka 1948 wanaakiolojia walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vya magharibi ya Kenya vilivyokuwa na kibonyeo kitakoni, na wakaviita kwa kibonyeo hicho. Baadaye ikaonekana kwamba vingi vya jamaa moja navyo havina kibonyeo, basi jina likabadilishwa kuwa Urewe, kwa mahali vilipopatikana. Nchini Rwanda na Burundi watafiti wa mwisho wa ukoloni waliviita kwa herufi tu: A, B na C. Pwani nako vyungu vya aina moja vimeitwa na mtaalamu mmoja kwa Mto Tana na na mwingine kwa pembetatu zilizochorwa juu yake. Njia mbili tulizoziona Japani zipo, nakshi na mahali, na ya tatu ni alama isiyo na maana yoyote.

La kutushangaza zaidi ni hili. Baada ya Urewe, yaani kuanzia mwishoni mwa milenia ya kwanza BK, katika nchi za Maziwa Makuu vilienea vyungu ambavyo nakshi zake zilitiwa kwa kubiringisha kikamba kilichosokotwa au kufundwa kwa nyasi juu ya udongo mbichi. Vigae vya namna hiyo vimejaa Ntusi na Bigo, hapa Uganda. Ni kazi ileile Yamanouchi aliyoigundua mwaka 1931, na wafinyanzi wa huku hawakujifunza kwa Wajapani wala Wajapani hawakujifunza kwao. Kamba na udongo vikikutana mkononi, jambo hilo hujitokeza. Kwa maana halisi ya neno, mama anayebiringisha kikamba chake kwenye mtungi kijijini anafinyanga jomon. Lakini hakuna atakayemwita Mjomon, na ni vyema.

Tunasema ni vyema kwa sababu huku kwetu nasi tumeonja uchungu wa kuwageuza vigae kuwa makabila. Wapo watafiti waliotaka kuona katika vyungu vya kubiringishwa nyayo za wafugaji wahamiaji, na katika Urewe nyayo za wakulima, kana kwamba kila chungu kilitembea na damu yake. Wengine baadaye waliyatilia shaka mawazo hayo, maana nakshi huigwa, wafinyanzi huolewa mbali, na sokoni kila mtu hununua. Katika eneo ambalo hadithi za nani alitangulia na nani alikuja zimewahi kuwa silaha, jina la chungu si jambo la kuchezea. Tena kuna mfano wa upande wa pili. Batwa wa Rwanda wamejulikana kwa ufinyanzi kwa vizazi vingi. Serikali ilipokataza utambulisho wa kikabila baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, shirika lao la kutetea haki lililazimika kubadili jina, na mwaka 2007 likajiita jumuiya ya wafinyanzi. Hapo chungu kikawa tena jina la watu. Nalo jina hilo linawafunga katika kazi ambayo sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kuipunguzia soko.

Mwalimu afanye nini?

Turudi kwenye aya ya mwanafunzi wetu. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tutenganishe wasifu na jina. Pale matini inapozungumzia alama zilizo mwilini mwa chungu, tufasiri: vyungu vyenye nakshi za kamba, au kwa usahihi zaidi, nakshi za kamba iliyobiringishwa. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tuna kusokota kwa nyuzi zinazozungushwa pamoja, na kusuka kwa zinazopishanishwa. Vyungu hivi vinataka kusokota. Tuna chungu, mtungi, kigae, ukingo, kitako na shingo. Pale matini inapozungumzia wakati, tuliache jina kama jina: enzi ya Jomon. Jina la enzi halifasiriwi kwa mzizi wake, kama vile hatumfasiri bwana aitwaye Juma kuwa Bwana Ijumaa.

Pili, tuwe waangalifu na kiambishi wa-. Hiki ni kiambishi chenye ukarimu mno. Kikipewa jina lolote hulizalia watu papo hapo, na msomaji hudhani ni kabila. Badala ya "Wajomon", tuandike "watu wa enzi ya Jomon". Ni maneno matano badala ya moja, lakini hayadanganyi.

Tatu, tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza historia ya istilahi kabla ya kuifasiri. Na tusiende mbali kutafuta mfano. Kwa Kiganda kufinyanga ni kubumba, na mfinyanzi ni omubumbi. Kwa Kinyarwanda pia ni kubumba. Mzizi huohuo wa Kibantu upo katika Kiswahili, ila b ya kwanza imedondoka: kuumba. Sisi tumeacha ufinyanzi kwa neno jingine na kulipandisha hili hadi mbinguni, tukapata Muumba, viumbe na umbo. Anayesema "Mwenyezi Mungu ameumba" anataja, bila kujua, mikono yenye udongo. Neno lililoanza kwenye chungu likaishia kwa watu si ajabu ya Japani pekee.

Hitimisho

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayevitengeneza vyombo vizuri, mwenyewe hupakuliwa kwenye kipande kilichovunjika. Katika historia tuliyoieleza mfinyanzi amedhulumiwa zaidi ya hapo: hata jina lake amelipata gaeni, nalo alipewa na watu wasiomjua, waliokuja baada yake kwa maelfu ya miaka. Hatuwezi kumrudishia jina lake. Tunaloweza ni kutomwongezea jingine la uongo.

Mwanafunzi aliyeuliza swali lile tulimjibu wiki iliyofuata kwamba Jomon si kabila. Ni alama ya kamba iliyobiringishwa kwenye udongo, ambayo watu wa baadaye waliigeuza kuwa saa ya kupimia wakati. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bibi yake huko kijijini alikuwa akifanya hivyohivyo kwenye mitungi ya maji, na hakuwahi kumuuliza kikamba kile kinaitwaje. Tukampa hiyo iwe kazi yake ya likizo.